Mama anayeamka saa 10 alfajiri, na usingizi wa mtoto wake

"Nesi, mtoto wangu siku hizi hasumbui kabisa. Analala mchana kutwa."

Mama mmoja aliniambia hivyo siku ya kliniki, na aliisema kwa furaha. Anauza chai na chapati karibu na stendi ya Babati. Anaamka saa 10 alfajiri, anaondoka Nakwa kabla ya saa 11, na anarudi jioni. Mtoto wake wa miezi 14 hubaki na binti wa kazi. Lakini kadi ya mtoto ilionyesha uzito umesimama miezi miwili mfululizo, na saa 4 asubuhi, watoto wengine wakilia na kutambaa kwenye benchi, huyu alikuwa amelegea begani kwa mama.

Niliongea taratibu na yule binti. Akaniambia ukweli bila kuficha: kila asubuhi alikuwa akimpa mtoto kijiko cha dawa ya mafua ili alale, naye apate kuchota maji, kufua na kupika. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa akibaki na mtoto aliyechoka kuliko yeye.

Mtoto yule anaendelea vizuri sasa. Lakini jambo lake si la nyumba moja. Katika ziara zangu za nyumba kwa nyumba nakutana na watoto wengi wasiolala vya kutosha, na karibu kila mara mzazi anajilaumu au anamlaumu mtoto: "ana kisirani", "amezoea vibaya", "ana mchango". Leo nataka tuongee kwa utulivu kuhusu kinachoiba usingizi wa watoto wetu, na kile ambacho wewe mama au mlezi mwenye kazi unaweza kufanya.

Mtoto anahitaji kulala saa ngapi?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto walio chini ya miaka 5. Saa hizi ni za siku nzima, usiku na mchana kwa pamoja:

- Miezi 0 hadi 3: saa 14 hadi 17
- Miezi 4 hadi 11: saa 12 hadi 16
- Mwaka 1 hadi 2: saa 11 hadi 14
- Miaka 3 hadi 4: saa 10 hadi 13

Usingizi wa mchana unahesabika, na hata ule wa mgongoni kwenye kanga una faida yake. Kwa hiyo usihesabu usiku peke yake ukakata tamaa.

Sasa tufanye hesabu ya nyumba ya kawaida. Mtoto ana miaka 2. Baba anaendesha bodaboda, anarudi saa 3:30 usiku. Mtoto anamsubiri, wanacheza, analala saa 4 usiku. Saa 11 alfajiri mama anamwamsha, anamfunga mgongoni, anampeleka kwa bibi. Hizo ni saa 7. Mchana kwa bibi kuna kelele na wajukuu wengine, analala saa 1 tu. Jumla ni saa 8, na kiwango cha chini kwa umri wake ni saa 11. Amepungukiwa saa 3, leo na kesho na keshokutwa.

Mtoto aliyepungukiwa hivyo hasemi "nimechoka". Hulia kwa vitu vidogo, hukataa uji, hung'ang'ania ziwa, huanguka ovyo anapokimbia, na usiku huwa mgumu zaidi kulala. Mtoto aliyechoka kupita kiasi mara nyingi huchangamka badala ya kusinzia. Ndipo tunasema ana kisirani.

Anayeiba usingizi ni ratiba

Ukiangalia hesabu ile, utaona hakuna mwenye kosa. Baba anatafuta riziki. Mama anawahi abiria wa mabasi ya alfajiri yaendayo Arusha, Dodoma na Singida, kwa sababu wakishaondoka chai haiuziki. Wakati wa kuvuna mbaazi, shamba nalo linataka watu mapema kabla ya jua kali. Tatizo ni kwamba mwili wa mtoto haufuati saa za soko wala za basi.

Hali hii haiko Babati peke yake. Huko Marekani, familia nyingi zenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini hufanya kazi za zamu: usafi wa maofisi, mashamba, viwanda, jikoni za hoteli. Nao hulea watoto wadogo katika nyumba ambamo mzazi mmoja anatoka mwingine anaingia, na mara nyingi mtoto hulala chumba kimoja na wazazi. Ushauri mwingi wa vitabu vya malezi umeandikwa kwa ajili ya mzazi anayerudi nyumbani saa 11 jioni na mwenye chumba cha mtoto peke yake. Mama wa Nakwa na mama wa mji wa mbali kule wanausoma ushauri huo na wote wawili wanajiona wameshindwa. Hawajashindwa. Ushauri haukuwahusu.

Hapa kwetu kuna jambo jingine la karibuni. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Nia yake ilikuwa njema: mtoto mdogo akae karibu na wazazi. Lakini baadhi ya wazazi wenye kazi ngumu walikuwa wanategemea bweni, na sasa mtoto analala nyumbani na anaamka gizani kuwahi shule. Mtoto amerudi kwa mzazi, ila saa za kazi za mzazi hazikubadilika.

Serikali ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021 kwa watoto wa miaka 0 hadi 8. Inagusa afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto. Vituo vya kulelea watoto mchana ni sehemu ya mawazo hayo, navyo vinatakiwa kusajiliwa. Lakini jiulize: ni kituo gani kinafunguliwa saa 11 alfajiri? Mama wa stendi, mama wa sokoni na mama wa zamu ya usiku bado wanategemea bibi, jirani na binti wa kazi. Kikao cha mtaa kikija, hili ni jambo la kulisema: saa za kufungua kituo ni muhimu sawa na jengo lenyewe.

Kama umeajiriwa, sheria inasema nini?

Akina mama wengi wenye ajira hawajui haki hizi, kwa hiyo nazitaja wazi. Zimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Una haki ya likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yamemwongezea muda mama aliyejifungua njiti, ili siku zile ambazo mtoto alipaswa kuwa bado tumboni zisimlie likizo yake. Baba naye ana angalau siku 3 za likizo yenye malipo.

Ukirudi kazini ukiwa unanyonyesha, mwajiri anatakiwa kukuruhusu kwenda kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku.

Kuhusu kazi ya usiku, mama hapaswi kupangiwa zamu ya usiku kwa miezi 2 baada ya kujifungua. Hapa tuwe wakweli: siku 84 ni wiki 12, kwa hiyo kinga hiyo ya miezi 2 huisha ukiwa bado likizoni. Siku unayorudi kazini unaweza kupangiwa usiku, mtoto akiwa na miezi 3 tu. Lakini sheria imeacha mlango. Ukiwa na cheti cha daktari kinachoeleza kwamba afya yako au ya mtoto hairuhusu zamu ya usiku, mwajiri hapaswi kukupangia. Kama mtoto hanyonyi vizuri, haongezeki uzito au ni mgonjwa, njoo tuzungumze mapema, kabla hujafikia hatua ya kuacha kazi.

Binti wa kazi naye ni mwajiriwa. Anahitaji kulala usiku. Kama ndiye anayeamka na mtoto usiku na ndiye anayefanya kazi zote mchana, usishangae akitafuta njia ya mkato.

Na wewe unayejiajiri? Sheria hii haikufikii. Hakuna wa kukulipa siku 84 kwenye banda la chai. Ndiyo maana sehemu inayofuata inahusu kile ambacho nyumba yako yenyewe inaweza kupanga.

Kwanza, kuamka usiku si ugonjwa

Mtoto mchanga ana tumbo dogo. Kuamka kunyonya kila baada ya saa 2 au 3 ni kawaida, na wengi huendelea kuamka mara moja au zaidi hata baada ya miezi 6. Ukiwa kazini mchana, usishangae mtoto akinyonya zaidi usiku: anafidia. Hajadekezwa.

Watafiti waliwahi kupima usingizi wa Wahadzabe, jirani zetu wa Ziwa Eyasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watu wazima 33 walivaa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Karibu kila wakati kulikuwa na mtu macho, au anayesinzia nusu nusu. Ninawakumbuka kila mama anaponiambia ameshindwa kwa sababu halali usiku mzima. Usiku wa binadamu umekuwa wa kupokezana tangu zamani. Shida ya mama wa leo ni kwamba hana wa kupokezana naye, na alfajiri kazi inamsubiri.

Mambo ya kupanga nyumbani

*Msogeze mlezi, usimsogeze mtoto.* Kama inawezekana, bibi au binti aje kwako alfajiri, mtoto aendelee kulala pale pale. Badiliko hili peke yake linaweza kumrudishia mtoto saa moja na nusu hadi mbili. Kama haiwezekani, mtoto alale kwa bibi siku za kazi kubwa, kuliko kukatishwa usingizi na kupigwa na baridi ya alfajiri kila siku.

*Mapenzi ya baba yahamie asubuhi au siku ya mapumziko.* Simwambii baba asicheze na mwanae. Muda ule ni wa thamani. Lakini kucheza kwa kelele saa 3:30 usiku kunafukuza usingizi. Baba anayeweza kuanza kazi kuchelewa kidogo acheze naye asubuhi. Akirudi usiku mtoto yu macho, ambebe kwa utulivu, taa ikiwa hafifu, amwimbie.

*Ulinde usingizi wa mchana.* Mwambie mlezi wazi: baada ya chakula cha mchana, mtoto alale saa 2 kivulini au chumbani. Iwe maagizo sawa na ya chakula. Kwa mtoto wetu wa miaka 2, akilala saa 2:30 usiku hadi saa 11 alfajiri ni saa 8 na nusu. Ongeza saa 2 za mchana na nusu saa ya mgongoni njiani. Zimefika 11. Hatukuhitaji pesa, tulihitaji makubaliano.

*Dalili zilezile kila usiku.* Kuoga maji ya vuguvugu, kula, kunyonya, wimbo mmoja, chandarua, taa kuzimwa. Mfuatano uwe uleule kwa mama, kwa bibi na kwa binti. Mtoto hajui saa, anajua mfuatano.

*Simu na runinga.* Mwongozo ule wa 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, wala wa mwaka 1. Kuanzia miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Kumpa simu ili atulie usiku ni kumwasha, si kumlaza.

*Wewe nawe ulale.* Kama mtoto anaamka usiku, gawaneni. Baba anaweza kumbadilisha nepi na kumletea mama anyonyeshe, akamrudisha kulala. Mama asiyelala wiki baada ya wiki, anayelia bila sababu au anayehisi chuki kwa mtoto, aje kituoni. Hilo linatibika, na hakuna atakayekucheka.

Kulala salama

Nyumba nyingi mtoto hulala kitanda kimoja na mama, na siwezi kukuandikia kana kwamba una vyumba vitatu. Ninachokuomba ni hiki:

- Mtoto wa chini ya mwaka 1 alazwe chali, usiku na mchana. Si kifudifudi, si ubavu.
- Asilazwe na mto, wala blanketi zito linaloweza kumfunika uso.
- Usilale naye kwenye kochi. Ni hatari kuliko kitanda.
- Asilale kitanda kimoja na mtu aliyekunywa pombe, anayevuta sigara, au aliyemeza dawa za usingizi. Njiti na mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo nao wawekewe sehemu yao ya kulala karibu na mama. Maelekezo ya kangaruu utapewa kituoni.
- Asilale kati ya watu wazima wawili au na watoto wenzake. Awe upande wa mama, mbali na ukingo na mwanya wa ukuta.
- Chandarua kila usiku. Mkoa wetu una malaria kidogo ukilinganisha na Kanda ya Ziwa, lakini mbu wapo. Mama hupewa chandarua anapoanza kliniki ya ujauzito, na mtoto anapopata chanjo ya surua ya miezi 9. Kisiishie kufunika kuku.
- Mwezi wa 6 hadi wa 8 Babati ina baridi. Usiingize jiko la mkaa chumbani mnakolala, hata kama moto umefifia. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua familia nzima usingizini. Mvalishe mtoto nguo za kutosha badala yake.

Dawa ya kumlaza: hapana

Dawa za mafua, kikohozi na mzio zinazoleta usingizi si za kumtuliza mtoto. Zinaweza kupunguza kasi ya kupumua kwake. Mojawapo, promethazini, iliwekewa onyo kali na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2004: isipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu watoto walifariki kwa kushindwa kupumua. Kuna hatari nyingine pia: mtoto aliyelazwa kwa dawa halii njaa, hanyonyi wala hali, na uzito unasimama. Pombe ya kienyeji kidogo "ili alale" nayo ni sumu kwake.

Usimuulize mlezi kwa ukali, maana ataficha. Muulize hivi: "Mchana mtoto akikusumbua sana huwa unafanyaje?" Kisha funga dawa zote mahali pa juu, na mpunguzie kazi moja au mbili.

Njoo kituo cha afya mara moja kama

- mtoto amelegea, ni vigumu kumwamsha, au hawezi kunyonya wala kunywa
- anatapika kila anachokula, au amepata degedege
- anapumua kwa shida au kwa haraka sana
- mchanga ana homa, au mwili wake ni wa baridi
- amemeza dawa yoyote ambayo hakuandikiwa. Njoo na chupa yake.

Na uje katika siku za kawaida za kliniki kama mtoto anakoroma kila usiku na kukatika pumzi, au uzito hauongezeki.

Yule mama wa chapati

Hakuacha biashara, na sikumwambia aache. Ndiyo inayolisha nyumba. Walikaa watatu: mama, baba na binti. Wakakubaliana mtoto asiamshwe alfajiri. Maji yachotwe jioni, baba akisaidia kwa pikipiki, ili asubuhi binti abaki na mtoto tu. Dawa ikatupwa. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, mtoto alilia sana. Mwezi uliofuata, kwenye mizani, mstari wa kadi ulikuwa umeanza kupanda.

"Nesi," akaniambia, "sasa anasumbua."

Nikamwambia ni habari njema. Mtoto mwenye afya husumbua akiwa macho, na hulala akichoka. Kama wako halali, au analala mno, usikae na wasiwasi peke yako. Njoo na kadi yake, na kama inawezekana njoo na anayebaki naye mchana.